Morogoro, mji kasoro bahari: ulikotoka, mlima wake, na kwa nini watu wa Dar tunahamia

#1 Kasoro Bahari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimeishi Dar miaka kumi na tisa, kwanza Tabata, baadaye Kimara. Mwaka jana nimehamishia familia Morogoro, mimi kazi yangu bado iko Kariakoo. Kila nikimweleza mtu anauliza swali lile lile: "Moro? Kuna nini Moro?" Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, leo nakaa chini nieleze yote. Mnaoijua Moro kuliko mimi, na mpo wengi, naomba mnisahihishe na kuongezea.

Nianze na treni, maana ndiyo iliyobadilisha hesabu. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Kabla ya hapo, Moro ilikuwa safari. Unaamka, unagombana na foleni ya Kimara, Mbezi, Kibaha, Mlandizi, unafika Chalinze umechoka, na bado mbele una kipande kizima. Saa nne, tano, siku mbaya sita. Sasa ni chini ya saa mbili kwa treni ya umeme. Jumatatu alfajiri natoka nyumbani nje kungali giza, na watu wa Mbagala wanapofika mjini mimi nimeshafika, natembea kwa mguu kutoka stesheni kuelekea Gerezani. Kwa saa, Moro imekuwa jirani kuliko baadhi ya mitaa ya Dar yenyewe. Ndiyo maana nasema mji huu umegeuka kitongoji cha Dar, ingawa kwa ramani uko mkoa mwingine, na njiani kuna Pwani nzima.

Lakini naomba mtu asidhani Moro imezaliwa na treni hii. Ukiichimba historia yake unakuta huu ni mji wa waliohamia tangu siku ya kwanza, na kila waliokuja walikuja kwa sababu ya huu mlima na maji yake.

Aliyeujenga ni Kisabengo, Mzigua, mtu wa vita aliyekuja na watu wake na kujijengea ngome chini ya milima ya Uluguru katika karne ya 19. Alichagua mahali kwa akili. Nyuma kuna mlima, mbele kuna mto, na katikati inapita njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda bara, kwa hiyo kila aliyepita na pembe au na watumwa alipita mlangoni kwake. Alipokufa, madaraka yalikwenda kwa binti yake, Simbamwene, na mji wenyewe ukaitwa kwa jina la huyo binti. Yule mwandishi wa habari Stanley alipita 1871 akienda kumtafuta mmisionari Livingstone, akaandika kwa mshangao: kuta za mawe, minara kwenye kona, milango ya mbao iliyochongwa kama ya pwani. Mwaka uliofuata, 1872, alipokuwa anarudi, mvua kubwa zilikuwa zimepiga, mto ukafurika na kubeba ukuta wa mbele pamoja na nyumba nyingi. Kumbukeni hilo la mto, nitalirudia.

Simbamwene ya mawe haipo tena, ila majina yamebaki. Mtu anapanda bodaboda kwenda Kingo au Sultan Area, hajui kwamba anataja watawala wa huo ukoo.

Baadaye wakaja mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo, wakafungua misheni 1882. Wakaja Wajerumani, na reli ikatoka Dar ikafika Moro 1907, miaka saba kabla haijafika Kigoma. Ukishakuwa na reli na ardhi ya mkonge, unahitaji watu. Tungi, Pangawe, Kingolwira, kote huko kukalimwa katani na manamba, yaani vibarua wa mkataba, walioletwa kutoka mikoa ya mbali, na wengi hawakurudi kwao. Agosti 1916 Waingereza wakauchukua mji, Wajerumani wakazunguka milima na kukimbilia kusini.

Kwa hiyo ukikaa kijiweni Mji Mpya au Mwembesongo unasikia makabila yote ya nchi hii, na hakuna anayekuuliza wewe ni wa wapi. Mimi hili lilinigusa. Wiki ya kwanza jirani alimleta mwanawe na sahani ya ndizi mbivu akasema, "Karibuni, sisi nasi tulikuja." Wao walikuja 1968.

Na mlima sasa. Nyumba yangu iko Lukobe, mbali kidogo, nauona wote. Alfajiri hauonekani kabisa, kuna ukuta wa wingu tu. Jua likianza kuchoma, wingu linapanda polepole, linaanza kuonekana shamba, kisha msitu, kisha mistari miwili mitatu myeupe ambayo ni maji yanashuka kwenye miamba. Mchana wingu linabaki juu tu, kama kofia. Mke wangu anaangalia kofia hiyo kabla ya kuanika nguo. Ikishuka chini ya msitu, haaniki.

Wanasema mji kasoro bahari, kwamba Mungu alitupa kila kitu akasahau bahari tu. Mimi niliyetoka baharini nasema sijaikosa.

Karibuni mchangie.

---

#2 Mstaafu wa Reli

Mwanangu, umeandika vizuri, ila umerukia mbali. Kutoka mkonge umeingia Lukobe, katikati hapo umeacha Morogoro yenyewe, ile tuliyoijua sisi.

Mimi nimefanya kazi reli ya kati tangu kijana. Miaka ya 60 na 70 mji huu ulikuwa mdogo lakini ulikuwa na bendi mbili ambazo Dar nzima ilizionea wivu. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz ambayo ilianza tangu 1944 na ndiyo iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe. Mji mmoja, bendi mbili za namna hiyo! Jumamosi ilibidi uamue unakwenda wapi, na Jumatatu kazini mnabishana. Salum alifariki kwa ajali ya gari 1965. Mbaraka mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Kijana wa Moro! Naye barabara ikamchukua, Januari 1979, Mombasa. Nilikuwa zamu siku ile habari ilipoingia kwa simu ya stesheni. Karani aliyeipokea aliweka mkono wa simu mezani, hakuurudisha mahali pake, na hakuna aliyemwambia aurudishe.

Mpira je? Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa Bara 1975, ikiwapita Simba na Yanga. Waulize vijana wa sasa kama wanajua.

Halafu Kihonda, huko unakoshukia treni yako. Kulijengwa eneo zima la viwanda: turubai, ngozi, viatu, magunia, mafuta. Kile cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikufika hata asilimia 5 ya uwezo wake. Kuta za alumini, hewa haipiti, na Kihonda ni joto. Mashine za kisasa, vipuri hakuna. Mwaka 1990 kikafungwa. Watu waliotoka vijijini kufuata kazi ile walibaki hapa hapa, wakafungua maduka, wakalima. Kwa hiyo unaposema mji wa waliohamia, waongeze na hao. Walifuata kiwanda, kiwanda kikafa, wao wakabaki.

---

#3 Kasoro Bahari

Shikamoo mzee. Asante sana. Hilo la karani na simu sitalisahau.

---

#4 Mpiga Hesabu

Wakuu, nampongeza mwanzisha uzi lakini tusiwadanganye watu. Nauli ya daraja la kawaida Dar–Moro ni 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Ukifanya hivyo siku 22 za kazi ni 572,000 kwa mwezi, na hapo hujapanda bodaboda ya kukutoa nyumbani mpaka stesheni. Ni Mtanzania gani wa mshahara wa kawaida ataweza? Kwa hesabu hiyo Moro ni kitongoji cha wenye nazo.

---

#5 Kasoro Bahari

Mkuu, hesabu yako ni sahihi kabisa na nilitakiwa niiweke tangu mwanzo. Mimi siendi kila siku. Naenda Jumatatu, nalala kwa kaka Buguruni mpaka Jumatano, narudi, Alhamisi na Ijumaa kazi naifanya kwa simu. Wengi ninaowaona kwenye behewa wanafanya hivyo au karibu na hivyo. Kuna mama mmoja anauza vitenge, anakwenda mara moja kwa wiki kuchukua mzigo tu. Kuna walimu wa vyuo. Kuna wanafunzi wengi mno, maana Moro ina SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), Mzumbe, Chuo Kikuu cha Waislamu, Jordan na vingine.

Kinachobeba hesabu yangu ni kodi. Kimara nilikuwa nalipa kwa vyumba viwili pesa ambayo Moro inakupa nyumba nzima yenye uwanja. Ukitoa nauli ya mara moja kwa wiki, bado inabaki. Kwa anayelazimika kuwepo ofisini siku zote tano, sitamshauri ahame. Namwambia wazi.

---

#6 Binti wa Mgeta

Kaka Kasoro Bahari, umeupenda mlima kwa kuutazama, na sisi tumeulima. Naomba niseme kidogo.

Mimi ni Mluguru wa Mgeta. Kwetu ardhi inapita kwa mama. Shamba ninalolima ni la ukoo wa mama yangu, na kaka zangu wanajua hivyo bila kuandikiana. Huko juu tunalima kabichi, njegere, karoti, viazi, fyulisi, pea, stroberi. Mboga nyingi mnazokula Dar zinashuka kwetu usiku kwa fuso, kwenye kona ambazo dereva mgeni hazimudu. Kabla ya barabara zilishuka kichwani. Mpaka leo ukisimama Bigwa asubuhi mapema utawaona kina mama wanashuka na mikungu ya ndizi, wanatembea upesi upesi, maana mteremko mkali ukienda taratibu ndiyo unaumiza magoti.

Mimi nataka watu wajue habari ya matuta. Miaka ya 50 serikali ya kikoloni ilisema Waluguru wanaharibu mlima, udongo unashuka, mito inajaa tope. Ikaja na mpango wa kulazimisha kila kaya ichimbe matuta ya ngazi. Bibi yangu alichimba. Alisema walifukua udongo mwekundu wa chini wakaufunikia ule mweusi wa juu, wakapanda, na mahindi yakatoka ya njano, mafupi. Na usipochimba unashtakiwa. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, kukawa na fujo kubwa, na mpango ule ukafa. Mzee yeyote wa mlimani ukimtajia neno matuta anakunja uso.

Lakini, na hapa ndipo tunapotofautiana hata ndani ya familia, wale wakoloni hawakukosea yote. Njia yao ilikuwa mbaya, ila udongo kweli unashuka. Mto Ruvu unaanzia kwetu, na ndio unaowanywesha watu wa Dar na Pwani. Bwawa la Mindu, linaloinywesha Moro yenyewe, linapokea tope kila masika. Msitu wa juu umelindwa, tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, na ndani yake kuna ndege na vyura wasiopatikana popote pengine duniani. Chini ya mpaka wa hifadhi ndiko kuna sisi, na sasa kuna nyie mnaonunua viwanja. Mimi napanda miti ya matunda kwenye kingo za shamba, mizizi inashika udongo na fyulisi nauza. Hakuna aliyenilazimisha.

---

#7 Mtoto wa Mazimbu

Uzi mzito huu. Mimi nimezaliwa Mazimbu, baba yangu alikuwa Mwafrika Kusini, mama yangu mtu wa hapa Moro. Tuko wengi wa namna hii.

Watu wanasahau kwamba ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro, mwisho wa Aprili 1969, mapambano yakiwa yamekwama na wapiganaji wamekata tamaa. Hapo ndipo walipojipanga upya, na ndipo wanachama wa rangi zote walipokubaliwa kwenye chama kilichokuwa uhamishoni. Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi 1976, vijana wakakimbia nchi kwa mamia, na serikali yetu ikatoa shamba la zamani la mkonge, Mazimbu, wajenge shule. Shule ikaanza 1978 na ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Kulikuwa na bweni, hospitali, shamba la ng'ombe na nguruwe, karakana ya samani. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania, sasa ni kampasi ya SUA.

Mama alikuwa anafua nguo za wanafunzi. Alijifunza Kizulu kwa nyimbo zao, hakujua maana ya maneno mengi lakini aliimba zote. Makaburi yapo, yamepangwa vizuri, majina ya watu waliokufa wakisubiri kurudi kwao. Kila mwaka wanakuja wageni kutoka Afrika Kusini. Wengine wanasimama kwenye kaburi la mtu ambaye hawakuwahi kumwona.

---

#8 Kasoro Bahari

Ndugu yangu, nimesoma mara mbili. Nimepita Mazimbu mara nyingi na sijawahi kuingia makaburini. Jumapili hii nawapeleka watoto.

Dada Binti wa Mgeta, nimekuelewa na nimekubali. Tena nikiri mbele ya wote: kiwanja changu cha kwanza sikununua Lukobe. Dalali alinipeleka upande wa mlimani, kiwanja kizuri, kijito kinapita pembeni, miembe, ubaridi. Ilikuwa kiangazi. Nililipa malipo ya awali. Akatokea mzee mmoja anachunga mbuzi, akaniuliza kama nimeona alama kwenye mwembe. Akanionyesha: nyasi kavu na kipande cha kitambaa vimekwama kwenye tawi, juu ya kichwa changu. "Maji yalifika hapa," akasema, akaondoka na mbuzi wake. Fedha ile sikuirudishiwa yote. Lakini siku hiyo ndipo nilipokumbuka ile habari ya Simbamwene, ukuta wa mawe uliobebwa na mto, nikaelewa kwamba mto ni huu huu.

---

#9 Mgeni Mtarajiwa

Wakuu, nipo Tegeta, nina watoto watatu na mke mwalimu. Uzi umenigusa. Nataka kuja kuona mwenyewe kabla ya kuamua. Niangalie upande gani? Na kuna ukweli kwamba Moro ni joto?

---

#10 Binti wa Mgeta

Karibu sana kaka. Joto linategemea uko wapi. Forest, Kilakala, Kigurunyembe na Boma ziko miguuni pa mlima, usiku unajifunika blanketi mwezi wa sita na wa saba. Kihonda, Mkundi na Lukobe ziko tambarare, jua ni kali na vumbi lipo. Mvua nayo haiko sawa. Upande wa mashariki wa mlima, kule Kinole na Tegetero, inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mjini haifiki hata nusu ya hiyo.

Kabla ya kuuliza bei, uliza maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki. Uliza majirani wawili, usimwulize anayeuza.

---

#11 Mstaafu wa Reli

Na usije Jumamosi ukaondoka Jumamosi. Lala. Mji huu ulikuwa na watu karibu 316,000 kwenye sensa ya 2012, na ya 2022 ikakuta zaidi ya 471,000. Wanaokuja kuona kiwanja na kuondoka siku hiyo hiyo ndio wanaopigwa. Nenda soko la Chifu Kingalu asubuhi, ule supu, uwasikilize watu wanalalamikia nini. Huo ndio ukaguzi.

---

#12 Kasoro Bahari

Sikiliza mzee, ndugu yangu. Mimi naongeza la watoto wako. Nenda nao Rock Garden, waingize miguu kwenye maji, ni ya baridi kweli kweli. Mkubwa wao kama ana miguu mizuri mpandishe mpaka Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, na umtafute mwenyeji wa kuwaongoza. Ukiweza uliza pia pale SUA habari za panya wanaofunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake kule Kambodia alifunzwa hapa hapa Moro. Wanangu wanamjua kuliko wachezaji wa mpira.

Ukikata tiketi, omba dirisha la kushoto. Mkishapita Ngerengere waambie watoto waache simu. Niandikie siku unayokuja, nitakuja kukupokea stesheni.